Maji ya Chiriku wa Mwanakuu

Jumanne, mwezi 2 Mfunguo Nane, mwaka 1366

Mwanakuu amesafiri jana na dirisha lake limefungwa. Tangu tulipoolewa, mimi nyumba hii na yeye nyumba ile, na uchochoro katikati mwembamba hata punda mwenye magunia hawezi kugeuka, sijaliona dirisha lile limefungwa mchana. Leo macho yamenienda huko yenyewe kutwa.

Amekwenda Unguja kwa binti yake Mwanakhamis, aliyejifungua mtoto wa kwanza. Atamkalia arobaini, kisha atarudi. Ndivyo alivyosema.

"Shoga, usinisahaulie la mtaani hata moja," aliniambia mlangoni, buibui liko mwilini tayari. "Nikirudi unihadithie yote."

"Kwani mimi kasha? Yatanitoka."

"Basi andika."

Ndiyo naandika. Skuli sikwenda, na chuo cha Kurani alikopelekwa kaka yangu mimi sikupelekwa. Herufi nilifunzwa na marehemu mume wangu, jikoni, kwa mkaa juu ya sakafu, na kila tulipogombana alifuta nusu ya somo kwa mguu. Kwa hivyo makosa ya mwandiko wangu ni makosa ya ndoa, atakayesoma avumilie.

Ameniachia chiriku wake watano. Wako katika tundu moja kubwa la fito, limetundikwa juu ukumbini kwake, mahali panapotazama uwanja wa ndani. Hataki wahamishwe. Asema ndege akihamishwa na mwenyewe hayupo hudhani ameuzwa. Mwanawe Jaffar, fundi wa mashua huko Liwatoni, angeweza kuwachukua kwake Bondeni, lakini mkewe afuga paka watatu. Basi ufunguo ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la leso.

"Mtama kidogo wawatosha," alinionya. "Ila maji, shoga. Maji yawe safi. Chiriku hakulilii miguuni kama paka. Atakufa huku anakutazama."

Mimi kuambiwa maji yawe safi! Mimi!

Jumatano, mwezi 3

Nimepanda ngazi za Mwanakuu na magoti yangu yote mawili yakilalamika. Nyumba ina harufu yake. Leso yake ya kupikia bado iko msumarini. Niliigusa nikaiacha.

Chiriku wa mtu ni wageni wangu, na mgeni wangu hanywi maji hivi hivi. Nililichukua gudulia jipya, nikalifunika juu ya chetezo chenye ubani mpaka likajaa moshi, nikatia maji matamu aliyoyaleta Katana, juu yake asumini. Maji haya Mwanakuu mwenyewe akija kwangu huyanywa akasema mtaa wetu mzima wa Kuze hakuna anayenifikia. Nikawatilia katika kibakuli cha kaure chenye maua. Wakaniinamishia vichwa upande, mmoja mmoja, kama wakwe wanaotazama mahari.

Nikawaambia, "Kunyweni, wanangu. Kwangu hakuna njaa wala kiu."

Alhamisi, mwezi 4

Jua kali. Magoti. Nimebadilisha maji.

Jumamosi, mwezi 6

Katana ndiye mchukuzi wetu wa maji, huyaleta kwa mzega, debe mbele na debe nyuma. Leo amesimama mlangoni akifuta jasho.

"Mwana, mara hii mwataka kila siku. Mumenunua ng'ombe?"

"Nimewekewa chiriku."

"Chiriku hunywa tone!"

"Na kibakuli huoshwa kwa tone? Lako kuleta, langu kumwaga."

Akacheka mpaka debe la nyuma likamwagika mguuni. "Mimi nikifa nizaliwe chiriku, hapa hapa Kuze."

"Wewe na sauti hiyo? Utazaliwa kunguru."

Nilitaka kwenda dirishani nimpigie Mwanakuu ukelele asikie hilo la kunguru. Nilishafika dirishani ndipo nikakumbuka.

Ijumaa, mwezi 12

Gharib mwanangu asema siku hizi chiriku wanafukiziwa ubani na yeye chai yake haina sukari. Nimemwambia sukari ni ya foleni na ubani ni wangu. Akafunga duka akaenda kuswali.

Jumatatu, mwezi 15

Mvua ya kwanza ya masika. Ilikuja kutoka upande wa Likoni, ikapiga mabati kisha ikaondoka kama mtu aliyebisha nyumba siyo.

Chiriku wamenyamaza. Zamani waliniamsha kabla ya mwadhini, mimi upande huu wa uchochoro na wao upande ule, nikimsikia Mwanakuu akiwaambia, "Haya, basi, tumesikia." Wiki hii sijawasikia. Wamekaa wamejivimbisha manyoya kama watu waliojifunika baridi.

Wanamlilia mwenyewe. Siwalaumu.

Alhamisi, mwezi 18

Leo nimefanya jambo, na naliona la akili.

Nilifikiri: ndege hajui maneno, ukimwambia atarudi haelewi. Lakini pua anayo. Kasha la Mwanakuu halina kufuli, baina yetu hatujawahi kufungiana kitu. Nikalifungua, nikatoa kipande cha udi wake wa sikukuu, ule anaojifukizia nguo. Nikalifukiza gudulia kwa udi ule mpaka moshi ukatoka mdomoni mwake mzito kama maziwa. Maji yalipoingia yalitoka yakinukia Mwanakuu mtupu. Nikasema, haya, munyweni mwenyewe mpaka aje.

Kisha nikakaa kitandani kwake, na lile gudulia mapajani, nikawa nalinusa. Sioni haya kuliandika. Watu huona kumtamani aliye hai ni jambo dogo, kwa kuwa atarudi. Basi na wakae wao mbele ya dirisha lile.

Jumatatu, mwezi 22

Mvua. Maji kibakulini yako vile vile nilivyoyaacha.

Jumanne, mwezi 23

Mvua. Nimezidisha udi.

Ijumaa, mwezi 26

Mmoja amekufa.

Nilimkuta chini ndani ya tundu, miguu juu, mwepesi kama ganda la njugu. Alikuwa yule mwenye doa jeusi shingoni ambaye Mwanakuu humwita Bwana Harusi. Nilimtia kiganjani nikakaa naye pale pale sakafuni. Huku nje mvua inanyesha, na wale wanne wengine wamejibana kwenye ufito mmoja, midomo wazi, wanahema. Wananitazama. Aliniambia, watakufa huku wanakutazama.

Nilimwita Gharib dirishani. Akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Mama, ni chiriku."

"Naona kuwa si ngamia. Chukua jembe."

Akachimba chini ya mkomamanga wa Mwanakuu uwanjani, mvua inamtiririka mgongoni, kichwa kimeinama. Mimi nilidhani ananicheka. Alipoinua uso nikaona hakuwa anacheka. Huyu mtoto baada ya miaka yote hii bado hunichanganya.

Alasiri akaja Jaffar, ametoka kazini Liwatoni, ananuka lami na mafuta ya sifa ya kupakia mashua. Huja kila Ijumaa kutazama kama paa la mamake lavuja, husimama mlangoni, hulitazama, huenda. Nikamweleza.

"Usijitie dhiki, mama," akaniambia. "Pale sokoni chiriku tele. Nitakuletea mwengine mwenye doa. Hatomjua."

"Hatomjua nani?"

"Mama. Mamangu."

"Mamako atamjua kabla hajavua viatu. Wewe ndiye usiyemjua mamako. Hebu ondoka, moyo wako umeuchonga kwa mbao."

Akaondoka. Paa hakulitazama.

Sasa nitaandika hofu yangu, maana dirishani hakuna wa kumwambia. Nahofia Mwanakuu hatorudi. Unguja kuna binti, na sasa kuna mjukuu, na mjukuu ana kamba kuliko nanga. Huku ameacha nini? Nyumba haimtumii mtu salamu. Jaffar ana mke wake na paka wake. Kitu chake kinachopumua hapa Kuze na kumtaka mkono wake ni chiriku hawa. Mimi sihesabiki, kwa sababu anajua kuwa mimi nitangoja hata asiporudi. Lakini chiriku hawangoji. Hawa wakiwa hai ana deni la kurudi. Hawa wakifa, ninaweza kumwandikia nini? Kaa tu, shoga, huku hapana kitu?

Wamebaki wanne, na hawanywi.

Ijumaa, mwezi 3 Mfunguo Tisa

Nimekuwa mjinga. Nitalieleza kwa taratibu ili nisijipunguzie hata kidogo.

Tangu alfajiri mvua ilikuwa ya kufunga milango. Uchochoro umekuwa mto, kiatu cha mtu kimepita kikielea, cha kushoto. Nilivuka kwa Mwanakuu nimeinua buibui mpaka magotini, na aliyeona na aone. Mkononi nina gudulia langu chini ya leso lisiingie maji machafu ya mvua. Niliyaita hivyo: machafu.

Kufika juu, paa lavuja. Lilivuja juu ya tundu hasa, tone kwa tone, tone kwa tone, na matone yalikuwa yakiangukia ufito wa katikati. Na chiriku wote wanne wako pale. Wamepanga foleni! Mmoja anafungua mdomo, tone linaingia, anainua kichwa, anasogea, anakuja mwenziwe. Mdogo kabisa hakuweza kungoja zamu, akawa anaramba mti. Na chini yao kibakuli changu cha kaure kimejaa mpaka ukingoni, maji ya ubani, maji ya udi wa sikukuu, maji ya asumini. Hakuna aliyekitazama.

Nilisimama hapo mpaka leso ikaniloa mabegani.

Kumbe hawakuwa wakimlilia mtu. Walikuwa na kiu. Mwezi mzima wana kiu mbele ya kibakuli kilichojaa, na mimi naona huruma ya mapenzi yao, na kadiri wanavyokataa nazidisha moshi. Nilikuwa nikiwanywesha moto. Nilipoyaonja yale maji kwa ulimi bila ya kuwa na ada ya kuyasifu, niliona ukali wake, na juu kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama jicho la samaki aliyelala. Sisi huyanywa vikombe viwili tukasema mashallah. Wao hawana lolote jingine la kunywa.

Mtu anaweza kumkaribisha mgeni mpaka akamuua.

Niliyamwaga uwanjani yote. Nikaosha kibakuli kwa jivu na kumbi la nazi, nikasugua mpaka maua ya kaure yakataka kung'oka, nikasuuza, nikasuuza tena, nikakinga maji ya mvua yenyewe pale pale penye mwanya wa paa. Nikaweka. Walishuka wote wanne kwa pamoja wakakanyagana.

Kisha yule mdogo akaingia ndani ya kibakuli kwa miguu yake akaanza kuoga! Akanirushia maji usoni. Nikamwambia, "Nirushie, mwanangu, nirushie, nastahili."

Jumamosi, mwezi 4

Kumbe wakioga huchafua. Basi maji ya kunywa mbali, ya kuogea mbali. Nabadilisha asubuhi na alasiri. Gharib alipanda na mimi akaliziba paa, akaacha tobo dogo. "Hili la chiriku," akasema.

Jumatano, mwezi 8

Wamelia leo! Kabla ya mwadhini! Nilikaa kitandani nikasema kwa sauti, "Haya, basi, tumesikia," nikashangaa mdomo wangu.

Jumatatu, mwezi 13

Arobaini imekwisha. Nimefagia nyumba yake chini na juu. Nimeanika godoro katika kijua cha saa moja kilichotoka.

Jumamosi, mwezi 18

Meli ya Unguja imeingia. Nilikaa dirishani tangu asubuhi, nimevaa leso mpya, doti sijaikata hata upindo. Wamepita wote wa kupita.

Jumatano, mwezi 22

Meli nyingine. Mvua. Wamekunywa vizuri.

Ijumaa, mwezi 24

Jaffar alipokuja leo nilikuwa natia maji. Hakusimama mlangoni. Alipanda akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa yenye lami magotini, akawa awatazama wakinywa.

"Mdogo anaoga ndani ya cha kunywa," akasema.

"Hana adabu. Nimempa chake hakitaki."

Kisha akasema, "Mama hakuleta salamu tangu mwezi umeandama. Nitakwenda Jumapili nikamtazame."

Nikaona kumbe kila Ijumaa hakuwa akitazama paa. Alikuwa akija kusimama mlangoni kwa mamake, kwa kuwa hana dirisha kama mimi. Na mimi nilimwambia moyo wake wa mbao. Nilimkatia kipande cha mkate wa mofa nikampa, kikubwa, nikamwambia ale chote.

Jumapili, mwezi 26

Jaffar amesafiri.

Jumatano, mwezi 7 Rajabu

Amerudi. Nilipoona uso wake mlangoni nikasema innalillahi. Akaniwahi, "Hai, mama. Yuko hai."

Aliteleza kisimani siku za arobaini zinakwisha, akavunjika nyonga. Habari walimficha kila mtu. Mganga wa mifupa amemfunga, na mfupa wajishika, lakini hawezi kupanda ngazi tena, wala kushuka mashuani. Na nyumba yake hapa ni ngazi tupu.

"Hatorudi?" nikauliza.

"Hatorudi kukaa, mama."

Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta. Jaffar akangoja. Mtoto huyu ajua kungoja.

"Amesema nini?"

"Amesema ndege wapelekwe."

"Ndege."

"Chiriku. Amesema awataka chiriku wake."

"Na mimi?"

"Amekusalimu sana."

Nikaangusha ungo. Mchele ukaenda kila mahali. "Mwambie chiriku wake wamekunywa maji!" nikamwambia. "Mwambie wamekunywa tangu alipoondoka mpaka leo, na aliyewapandia ngazi ni mzee mwenye magoti mabovu, na asiposema hata neno moja la kuwa anamtamani huyo mzee, basi na chiriku nao wana magoti! Hawawezi kusafiri! Anayewataka na aje!"

Jaffar aliinama akawa aokota mchele, punje kwa punje.

Alhamisi, mwezi 8

Nimewatilia maji sikusema nao.

Ijumaa, mwezi 9

Wamelia mno leo. Mvua inapungua, asubuhi ina harufu ya udongo, na wao wana sauti kuliko siku zote. Nilifikiria kusema wamekufa. Nani angejua? Ningebaki nao, ningewasikia kila alfajiri, na nusu ya Mwanakuu ingekuwa yangu.

Kisha nikafikiri amelala chali Unguja, katika nyumba ya mkwe, hawezi kufika hata mlangoni, na alfajiri inaingia kimya.

Mimi kimya hicho nakijua. Sitompa.

Jumatatu, mwezi 12

Nimemwita Jaffar nimfunze. Maji yakae ndani ya chupa safi, si ya bati, bati huingia kutu. Melini usiwape ya melini. Kibakuli usikijaze, chombo kikiyumba watalowa, wakilowa penye upepo watakufa. Asubuhi na alasiri. Ukisikia wamenyamaza, tazama maji kwanza.

"Na nikiwa kazini?"

"Kazi gani?"

"Mama, nimepata nafasi melini kwa sharti nisaidie mashineni. Tundu litakaa shehenani mpaka tufike."

"Shehenani! Na maji atawapa nani, panya?"

Nikamtazama, nikawatazama chiriku, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nakwenda mimi."

Gharib alikuwa anakunywa chai akapaliwa.

"Mama! Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ulivuka Likoni mara moja ukatapika mpaka nahodha akaomba dua! Ukaapa hutotia tena mguu chomboni!"

"Nitafunga saumu ya kiapo. Si mwanzo."

"Watu watasema nini? Mama mzima apanda meli kwa sababu ya chiriku."

"Waambie ni wa kurithi."

"Na utasafiri na nani? Mimi siwezi kufunga duka. Mwanamke hasafiri na mtu baki."

"Nasafiri na Jaffar."

"Jaffar ni mtu baki!"

Hapo nikasimama. Magoti yalipiga kelele nikayanyamazisha.

"N'sikize, Gharib. Jaffar alipozaliwa, Mwanakuu alishikwa na homa hakujijua. Na mimi nilikuwa nimetoka kuzika wangu wa kwanza, na maziwa yalikuwa hayajapata habari. Yakaja tu. Huyu alinyonya titi hili mpaka akatosheka, kabla wewe hujawa hata niya. Ni mwanangu kwa sheria na ni nduguyo kwa sheria, kamuulize kadhi umpendaye. Mtu baki, nyoo!"

Gharib alimtazama Jaffar kama anayemwona leo. Jaffar aliinamia mikono yake. Amekuwa akiniita mama miaka yote hii na mimi nilidhani ni adabu tu.

Chai ikapoa. Mwisho Gharib akasema, "Upepo wa baharini ni mkali. Nitawashonea tundu shuka ya gunia."

Jumatano, mwezi 14

Ameishona. Ina kidirisha kinachofungika kwa kifungo. Si mshono mbaya.

Alhamisi, mwezi 15

Melini. Naandika kidogo kidogo baina ya ndoo na ndoo. Mimi nimetapika kila nilichokula tangu nilipoposwa. Chiriku hawana neno. Nimekaa nao deki nimelikumbatia tundu, chupa ya maji iko kifuani chini ya buibui. Jaffar hupanda kutoka mashineni, mweusi kwa mafuta, akanishika mkono, akatazama maji, akashuka.

Mama mmoja kaniuliza, "Wa kuuza?" Nikamtapikia karibu na mguu. Sikukusudia, lakini lilikuwa jibu zuri.

Jumamosi, mwezi 17, Unguja

Amekonda. Nilimkuta kitandani, mguu umefungwa vijiti, nywele hazijasukwa vizuri, binti hajui kusuka. Jaffar akaliweka tundu chini akatoa shuka.

"Tumu," Mwanakuu akaniita. "Umekuwa rangi ya ndimu."

"Na wewe umekuwa mwembamba kama mchwa. Wanakulisha nini hapa?"

Kisha nilikuwa nimemlalia kifuani namlowesha, na yeye anilowesha kichwa. Mwanakhamis akatoka na mtoto.

Akahesabu. Nilijua atahesabu.

"Bwana Harusi yuko wapi?"

"Nimemuua mimi. Nilikuwa nikiwanywesha maji ya kufukiza. Kwa ubani, kisha kwa udi wako, ili wakunuse. Hawakunywa. Wengine mvua imewaokoa kabla yangu."

Midomo ikamcheza. Nilidhani analia tena.

"Uliwapa udi wangu wa sikukuu?"

"Wote."

"Tumu, Tumu." Akafunga macho, akanishika kidole cha shahada kama mtoto. "Maskini. Alikufa ananukia kama mimi."

Kisha akaniuliza, "Umewezaje meli, wewe?"

"Na chiriku wako wangetiwa shehenani. Nani angewapa maji?"

Akacheka mpaka akashika nyonga, akaugua, akacheka tena. "Ndivyo nilivyojua."

"Ulijua nini?"

"Ningetuma salamu kuwa nakutaka wewe, ungekuja?"

Nikafikiri. Sikupenda kusema uwongo mbele ya mgonjwa. "Ningesema magoti."

"Ungesema magoti. Kisha ungesema mvua. Kisha ungesema Gharib atapikiwa na nani. Na mimi huku nazeeka nangoja. Nikaita ndege. Nilijua hutowaachia mtu."

Nikamgeukia Jaffar. Alikuwa anatazama dari la Unguja kama kwamba ndilo linalovuja.

"Mimi niliambiwa niseme ndege tu, mama," akasema.

Jumatano, mwezi 21

Nimemfunza Mwanakhamis: chupa, kibakuli, jivu, asubuhi na alasiri, cha kuoga mbali. Amelishika somo vizuri kuliko nilivyotaka. Leo alfajiri alikwisha kuwatilia maji kabla sijaamka. Basi hapa sina kazi tena, na mtu asiye na kazi katika nyumba ya watu ni mgeni, na mgeni hurudi kwao. Nafikiria Kuze. Nafikiria Gharib na chai yake. Ajabu: nilipokuwa huko nilimtamani huyu, na sasa nimekaa naye mkono kwa mkono namtamani vile vile, kwa kuwa najua nitaondoka na yeye hatoweza kunisindikiza hata mlangoni.

Jaffar amekuja jioni kuniuliza meli.

"Kuna ya kesho, mama."

"Ya kesho ni mapema mno."

"Kuna ya wiki ijayo."

Nilikuwa bado nafikiri la kumjibu. Mwanakuu, niliyedhani amelala, akasema bila ya kufungua macho, "Mwambie na hiyo ni mapema mno."